Keria ya Kulabu

Mume wangu aliponunua gari, lilikuwa limekwisha kuzeekea mikononi mwa watu wengine. Lilikuwa haliwaki mpaka lisukumwe, na wasukumaji walikuwa majirani zetu wa Ihembe, kule Karagwe, waliolisukuma kwa furaha utadhani ni lao. Yeye alikaa ndani na kofia yake kichwani. Siyasemi haya kwa chuki. Nilimpenda mtu yule, na majivuno yake niliyajua kabla hajanioa.

Sisi tulikuwa watu wa Muleba, Walutheri, tuliokuja Karagwe kutafuta maisha. Yeye aliuza nguo na chumvi, mimi nilikuwa mkunga niliyefunzwa hospitali ya misheni. Miaka ile ya hamsini, mwanamke juu ya baiskeli alikuwa kioja. Yangu alininunulia baba yangu mzazi siku nilipomaliza mafunzo: baiskeli ya kike, isiyo na lile bomba la juu linalotoka kwenye kiti hadi kwenye usukani, ili gauni lipite bila aibu. Nilipita nayo migombani, kibanja hadi kibanja, mfuko wa kazi umefungwa nyuma. Wanawake walionicheka njiani ndio hao hao waliotuma watu kuniita uchungu ulipowashika.

Mama mkwe hakuipenda hata kidogo. Mimba zangu mbili ziliharibika, naye akasema ni baiskeli tu, tumbo la mwanamke halikuumbwa litikiswe juu ya chuma. Nilimweleza nilivyofundishwa. Sikio la kufa halisikii dawa, na yeye alikuwa nayo mawili. Mume wangu alikaa kimya. Kimya chake kiliniuma kuliko maneno ya mama yake, kwa sababu nilijua ameanza kusadiki.

Ndipo akaamua tuhamie upande wa Kyerwa, kwenye rweya, ile mbuga ya majani ya wafugaji, karibu na panapoitwa Songambele siku hizi. Huko hakukuwa na duka. Alitangulia kwenda kuomba mahali, akarudi amefurahi.

"Nimewaambia mke wangu ni mkunga na ana baiskeli," alisema. "Wazee wamefurahia baiskeli yako kuliko duka langu!"

Nilikuwa nimewahi kufika huko. Kutoka boma moja hadi jingine unatembea mpaka miguu inakukana. Nikamwambia waziwazi, "Bwana, kule bila baiskeli mimi si mkunga. Nitakuwa mtu wa kufika mazishini."

Akacheka. "Kwani nani kasema tutaiacha?"

Mizigo ya duka na ya nyumba ilitangulia kwa lori la kukodi. Zikabaki baiskeli mbili, yake na yangu, kwa kuwa tulikuwa bado tunazitumia. Za kubebwa na gari letu hizo, na gari letu halikuwa na keria. Tukashuka Bukoba kutafuta.

Fundi mmoja wa magari alikuwa nazo mbili uani kwake. Ya kwanza ilikuwa ya mbao, bapa kama kitanda, yenye ukingo pande zote. Baiskeli unailaza tu, ya kike, ya kiume, hata mbuzi ukipenda. Ya pili ilikuwa ya chuma, imepakwa rangi nyeusi, ina nguzo zenye kulabu. Unaipandisha baiskeli, bomba lake la juu linakaa kwenye kulabu, nayo inasimama wima juu ya gari kama inaendeshwa na mtu asiyeonekana.

Mume wangu aliizunguka ile ya chuma. Akaigonga kwa vidole. Akarudi nyuma, akafumba jicho moja. Niliona kabisa anachokiona: anaingia barabarani, gari chini, baiskeli juu, na watu wanatoka mashambani kutazama. Kwenye ile ya mbao baiskeli ingelala, nani angeiona?

"Hii ya kulabu ni ya baiskeli za kiume," fundi alisema. "Ya mama haina pa kushika."

Kwetu mke hampingi mumewe mbele ya muuzaji. Basi nilimsogelea, nikamwambia kwa Kihaya, taratibu, kwamba ya mbao inatutosha sote wawili. Alinishika bega kwa upole. Ndiyo, kwa upole, na hilo nalo nalikumbuka.

"Usihofu. Tutafanya mpango."

Nimesikia neno hilo maisha yangu yote, na bado sijauona huo mpango.

Siku ya kuhama mpango niliufanya mimi. Nilikata mti mgumu wa mbuni mzee, nikaufunga kati ya shina la kiti na shingo ya usukani, uwe bomba la juu la bandia. Nilifunga kwa kamba za mgomba, kama tunavyofunga kila kitu, nyumba, mizigo, ng'ombe mkorofi. Niliziloweka kwanza zilainike. Kila aliyekulia migombani anajua sheria yake: kamba iliyofungwa mbichi ikikauka hulegea, kwa hiyo unairudia, unaikaza mara ya pili. Majirani walinisaidia kuipandisha. Ikakaa kwenye kulabu kando ya ile ya mume wangu, kidogo imeinama. Moyo wangu ulitulia, nikapanda gari.

Ilikuwa kiangazi. Upepo wa barabarani ulikuwa mkavu, na bati la gari lilichoma mkono ukiligusa. Tulipokaribia Nyabiyonza nilianza kusikia mti ukigonga chuma. Nikamwambia, "Simama nikaze kamba."

"Nikisimama litazima. Nani atasukuma?"

"Watu wapo, wale pale shambani."

"Tukifika mteremkoni," alisema. "Pale litawaka lenyewe."

Watu wa shambani walikuwa wameinua majembe wakitupungia. Akawapigia honi. Nilimwomba tena, nikamshika hata mkono wa shati, lakini alikuwa anatazama wale watu na uso umemng'aa. Mpaka leo nikiufikiria uso ule nashindwa kumlaani, na nashindwa kumsamehe.

Mteremko tuliufikia. Kabla hajakanyaga breki nikasikia kishindo juu, halafu nyuma. Mti ulikuwa umechomoka. Baiskeli ilijipigapiga kwenye mawe, ikaishia korongoni. Tulipoiokota uma wa mbele ulikuwa umevunjika na shingo imepasuka. Ya kwake ilikuwa imesimama juu ya keria, hata vumbi haikushika sana.

"Labda Mungu ameamua," alisema kwa sauti ya chini. Nilijua ni mama yake aliyekuwa anasema mdomoni mwake, na ni juu ya tumbo langu.

Nikakaa kwenye jiwe nikalia.

Aliahidi kuipeleka Bukoba ikachomelewe. Bukoba alikwenda mara nyingi, na kila safari gari lilikuwa limejaa. Baiskeli yangu ililala nyuma ya duka letu jipya la rweyani, kuku wakaanza kutaga chini yake. Ya kwake ilitundikwa ukutani, maana mwenye gari hana tena haja ya kukanyaga pedali.

Mvua za kwanza zilipoanza alikuja mfugaji mmoja, mtu mzima, anahema, fimbo mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kuna nini?"

"Binti yangu. Uchungu umemshika tangu jana. Tumeambiwa una baiskeli."

Mume wangu alikuwa safarini na gari. Niliteremsha baiskeli yake ukutani. Ilikuwa ndefu, na lile bomba la juu lilinifika kiunoni nilipoisimamisha. Nikapandisha gauni hadi mapajani, yule mzee akageuza uso kwa heshima, nikajaribu. Miguu haikufika pedali. Nikaanguka, nikajaribu tena, nikaanguka na kuchanika goti. Mzee mwenyewe hakujua kuendesha. Tukaiacha pale chini tukaenda kwa miguu. Mimi mbele, yeye nyuma na mfuko wangu, mpaka pumzi zikanikata, na rweya haikuisha.

Binti tulimkuta hai. Mtoto alikuwa amekwisha kutoka mwenyewe, kamba ya kitovu shingoni, hana pumzi tena, na wanawake wa bomani hawakujua kuilegeza. Ilikuwa kazi ya vidole viwili. Nimeifanya mara nyingi, ni kitu kidogo sana.

Mama wa yule binti alinipokea mlangoni. Hakunilaumu. Alichungulia nyuma yangu, akatazama njia yote niliyopita, kisha akauliza kama mtu anayeulizia mgeni aliyechelewa:

"Na ile baiskeli, mama?"

Niliomba maji ya uvuguvugu, nikamchukua mtoto, nikamwosha.