Bwana Mkubwa wa Samaki

Juzi nilikuwa nimeketi kwenye baraza la nje la boma hapa Sumbawanga pamoja na wavuvi wa Kasanga. Ndani, wajumbe wa Kongo na Rhodesia walikuja kupatana na wetu juu ya nyavu za matundu madogo zinazomaliza samaki ziwani. Mlango ulikuwa wazi.

Akaingia mama wa Kizungu, viatu vimejaa matope ya barabara ya Matai. Bwana Shauri wetu, ofisa wa serikali wa wilaya, hakuinuka. Alimsogezea birika kwa kidole.

“Mama, tumiminie chai. Tunamsubiri bwana mkubwa wa samaki.”

Wajumbe wa Kongo, wanaomfahamu, waliinamisha vichwa. Mama akamimina kikombe kimoja, akampa.

“Bwana mkubwa wa samaki ni mimi,” alisema kwa Kiswahili, wote wamwelewe. “Mikutano hii ya ziwa zima naiongoza tangu ilipoanza. Wewe si mjumbe. Chai yako kainywee nje.”

Bwana Shauri akatoka na kikombe chake. Huyu ndiye anayetuamulia mashauri, na hawezi kumtambua kiongozi akivaa gauni! Alisimama kati yetu, akaonja, akakunja uso.

“Sukari iko wapi?” aliniuliza.

“Imebaki mkutanoni, bwana.”