Vibuyu vya Maziwa na Daftari la Darasa la Sita

Mdogo wangu alikufa kwa homa mwanzoni mwa masika, akiwa darasa la sita. Mimi nilikuwa karani wa shule yake. Nilikuwa nimesoma hadi darasa hilohilo la sita, si zaidi, na kazi yangu ilikuwa kuandika barua za mwalimu mkuu, kutunza majembe ya shule na kuita majina asubuhi. Tulimzika Jumamosi nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Siku za matanga hakuna jirani aliyeshika jembe. Zilipoisha nikarudi kazini, nikafungua daftari, na nilipofika kwenye jina lake sikuliita. Lakini kalamu ilitia kistari cha kuonyesha kwamba yupo.

Nilitaka kukifuta. Sikukifuta.

Mwalimu mkuu alikiona siku ileile. Alikuwa mtu wa Bukoba, Mlutheri asiyeonja lubisi, pombe yetu ya ndizi, mkali kwa mambo ya daftari kuliko ya kitu kingine chochote. Nilisubiri anikemee. Alilifunga daftari polepole.

"Mwache humo," alisema. "Barua imekuja."

Barua ilitoka ofisi ya elimu. Serikali ya wenyeji ililalamika kwamba hazina yake inalipia shule ya kati yenye madawati matupu. Mkaguzi angekuja baada ya mavuno ya maharage, naye alitaka mambo matatu: wavulana wangapi wameandikwa na wanahudhuria, hazina inatoa kiasi gani kwa kila mmoja, na katika vijiji vya jirani kuna watoto wangapi wanaokuja nyuma yao, wa wakulima na wa wafugaji. Darasa la sita likiwa na wavulana thelathini, na vijiji vikiwa na watoto wa kutosha, tungefunguliwa darasa la saba. Wakipungua, darasa lingevunjwa na wavulana wangetakiwa kwenda shule nyingine upande wa Rugera, mwendo wa siku nzima kwa miguu, wakae hukohuko. Wengi wasingekwenda. Hilo kila mtu alilijua.

Pamoja na mdogo wangu walikuwa thelathini.

Kwa hiyo kila asubuhi nilimtia kistari. Ningependa kusema nilifanya hivyo kwa amri tu. Si kweli. Kile kistari kilinifurahisha. Kwa muda wa kunyanyua kalamu na kuiweka chini, alikuwa amekuja shule.

Kisha nikatumwa kuhesabu watoto. Nilianzia kwetu Isingiro, kwa wakulima, nikakuta taabu. Nilipofika kwa wafugaji wa Mabira taabu ikawa ukuta. Watu wetu hawahesabu watoto wao, kama wasivyohesabu ng'ombe. Ukitaja idadi umekiita kifo kije kipunguze. Na kila mwenye kalamu walimdhania ni wa kodi.

Kwenye boma la kwanza nilimwamkia bibi mmoja aliyekuwa akifukiza vibuyu vya maziwa kwa moshi wa nyasi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kodi tumelipa."

"Si kodi, bibi. Ni shule. Naomba kujua mna watoto wangapi hapa."

Akamgeukia mkwewe. "Umesikia? Kijana mzima, ana miguu kama ya korongo, kazi yake kuhesabu watoto wa wenzake. Zaa wako, uwahesabu mpaka uchoke!"

Mkwewe akacheka hadi akaziba mdomo kwa khanga. "Mama, labda hana mke."

"Atampata wapi, na daftari kwapani?"

Nilikaa chini, wakanipa maziwa. Nikiwa nakunywa niliona vibuyu vidogo vimetundikwa ukutani kwa mstari, kila kimoja na kifuniko chake cha majani yaliyosukwa.

"Hivi ni vya nani?" niliuliza.

"Vya watoto. Kila mtoto na chake. Kwenu mnakunywa kama ndama, wote chombo kimoja?"

"Hata kwetu kila mtu ana chake, bibi."

Sikuuliza tena. Nilihesabu vibuyu kwa macho, nikaaga, na nilipofika njiani nikaandika. Nilifanya hivyo boma kwa boma, kisha nikarudia nyumba za wakulima wenye ng'ombe wawili watatu. Hakuna aliyetaja idadi, hakuna aliyekasirika. Hesabu ilikuja nzuri. Mwalimu mkuu alipoiona alinipiga bega, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu.

"Shule imepona," alisema.

Jioni ile, mkaguzi akitazamiwa kesho yake, nilikaa jikoni kwa mama. Alikuwa akimenya ndizi. Niliinua macho ukutani nikaona kibuyu cha mdogo wangu, kimetundikwa mahali pake, kisafi, kimefukizwa.

"Mama, bado unakifukiza?"

"Kikiachwa kinaoza," alisema, na kisu hakikusimama.

Mabira yote ilinirudia machoni, ukuta baada ya ukuta. Ni mama gani angeshusha kibuyu cha mwanawe kwa sababu amezikwa? Katika hesabu ile nzuri nilikuwa nimeandika watoto ambao siku nyingi wamelala kwenye migomba na nyuma ya maboma, na sikujua ni wangapi.

Asubuhi nilimfuata mwalimu mkuu kabla ya kengele, nikamweleza. Alikuwa amevaa koti lake jeusi la kanisani.

"Mkaguzi atahesabu vibuyu?" aliuliza.

"Hapana, mwalimu."

"Basi nyamaza. Kuna wavulana ishirini na tisa walio hai pale uwanjani. Unataka kuwafukuza kwa ajili ya waliokufa?"

Swali hilo ninalo hata leo, nikiwa mzee. Niliingia darasani, nikaita majina, nikatia vistari.

Mkaguzi alifika kwa gari la serikali, mtu mfupi wa Muleba, mpole wa sauti. Hakutaka chai. Aliomba daftari, akawapanga darasa la sita kwa mstari, akaita mwenyewe. "Nipo, bwana." "Nipo, bwana." Nilisimama nyuma yake, nikiona kidole chake kikishuka ukurasani. Kilifika kwenye jina la mdogo wangu. Akaliita.

Wavulana walitazama miguu yao.

"Mgonjwa, bwana," alisema mwalimu mkuu. "Wiki hii yote yuko kwao."

Mkaguzi hakuinua kichwa. "Mbona leo asubuhi ametiwa alama ya kuhudhuria?"

Ulikuwa mkono wangu, kwa mazoea. Wino wenyewe ulikuwa bado unang'aa.

"Karani, mtoto huyu yuko wapi?"

Mwalimu mkuu alinitazama. Sijawahi kutazamwa na mtu namna ile, si kabla wala baadaye. Ningeweza kusema kalamu iliteleza, na mkaguzi huenda angekubali.

"Amekufa, bwana," nilisema. "Ni mdogo wangu."

"Lini?"

"Mwanzoni mwa masika."

Alifungua kurasa za nyuma, moja baada ya nyingine, akitazama vile vistari. Vilikuwa vingi. Kisha akachukua daftari la vijiji. "Na hili? Aliliandika nani?"

"Mimi, bwana. Nalo si sahihi." Nikamweleza habari za vibuyu, mbele ya wavulana wote. Nilidhani atacheka. Hakucheka; mama yake bila shaka naye alikuwa na ukuta wa vibuyu.

"Hesabu ya kweli ni ngapi?"

"Sijui, bwana."

"Rudi ukaijue. Nitapita tena Ijumaa." Alipokuwa akinirudishia daftari aliniambia kwa Kihaya, taratibu, maneno ya kumpa pole mfiwa. Kisha akamgeukia mwalimu mkuu kwa Kiswahili, na sauti haikuwa ileile.

Nilirudi Mabira. Safari ile ya pili sisahau. Ilinibidi niseme kwanza kwamba nami nimefiwa, ndipo niulize kibuyu kipi hakinywewi. Yule bibi wa boma la kwanza hakunitania. Aliinuka, akagusa viwili kwa kidole. Nikakata wawili daftarini.

Nyumba ya mwisho ilikuwa yetu. "Andika unachokiona," mama aliniambia. Nikamwandika mtoto mmoja wa kike, dada yetu mdogo.

Barua ya majibu haikuchelewa. Darasa la saba halikufunguliwa, na la sita likavunjwa. Mwalimu mkuu alinisomea mpaka mwisho, akaikunja. "Umezika shule pamoja na ndugu yako," alisema. Mwisho wa mwezi niliacha kazi kabla hajaniachisha, nikarudi kwenye kahawa na migomba. Kati ya wale ishirini na tisa, waliokwenda Rugera walikuwa kumi na mmoja. Waliobaki nilikutana nao maisha yangu yote, wakichunga, wakilima. Wengine waliniamkia, wengine walivuka njia.

Asubuhi ambayo wale kumi na mmoja waliondoka, walipita kwetu kuaga. Mmoja alikuwa rafiki wa mdogo wangu, waliketi dawati moja. Mama aliingia jikoni, akakaa kitambo, nasi tulisikia harufu ya moshi wa nyasi. Akatoka na kibuyu kimejaa maziwa, kimefungwa kamba ya kubebea.

"Njia ni ndefu," alimwambia. "Kunywa mwenyewe, usigawe."

Kibuyu hakikurudi, na mama hakukiulizia. Ukutani palibaki msumari wa mti, naye hakuuchomoa.