Nguruwe wa Shimoni na Bastola ya Mume Wangu

Nilipoolewa kutoka Magomeni, nilipelekwa kijijini, ukiipita Mpapura kuelekea Mto Ruvuma, kwa mume ambaye zamani alimbebea bunduki Mzungu mmoja mwindaji. Mzungu yule alipofunga virago alimwachia bastola, na polisi wakampa kibali. Haikuwa bastola ya kuficha mfukoni. Ilikuwa chuma kizito chenye gurudumu la risasi katikati, na kila risasi nene kuliko kidole changu gumba.

"Hii inaangusha nyati," aliniambia siku za mwanzo, akaniwekea mapajani kama ananipakatisha mtoto. Niliisukuma. Ilinuka mafuta ya cherehani, na harufu ile haikutoka tena nyumbani mwetu. Aliifuta kwa kipande cha kanga yangu, kisha akaja mkekani kumega ugali wa muhogo kwa vidole vilevile.

Sababu za kuwa nayo hazikukosekana. Miaka ile ng'ambo ya mto kulikuwa na vita, na mara nyingine mishindo ilitufikia. Simba nao walikuwa wakila watu, hilo si uongo. Lakini mume wangu simba hakuwahi kumwona. Alichokuwa akiwinda ni funo, mnyama asiyezidi mbuzi. Siku moja alirudi na mmoja ambaye bega lote limechanguka, mifupa imechanganyika na majani yaliyokuwa tumboni. Shingoni alikuwa amempitisha kisu.

"Ulimwahi?" mama mkwe alimuuliza. "Alikuwa na roho?"

"Nilisema bismillahi nikafyatua."

"Nimekuuliza kama alikuwa na roho."

Mama mkwe akasema yeye hali kibudu, akaingia ndani. Mimi niliamriwa nipike. Nilipika, ila hata chumvi ya mchuzi sikuionja.

Basi ukaja msimu ambao nguruwe pori walikuwa wanatumalizia mihogo. Jirani yetu, mzee wa Kimakonde aliyevuka na jamaa zake kutoka Msumbiji, alitusaidia kuchimba shimo la mtego pembeni mwa shamba. Mapatano yalikuwa mepesi: sisi tunaokoa mihogo, yeye anachukua nyama, kwa kuwa wao si Waislamu. Asubuhi moja tukasikia makelele, tukaenda sote, mama mkwe naye. Nguruwe jike kanasa. Jirani akaja na mkuki wake, akawa anatafuta pa kukanyaga vizuri.

"Kaa pembeni, mzee," mume wangu akamwambia.

"Mkuki mmoja unatosha, bwana."

"Nimesema kaa pembeni."

Akasimama ukingoni, miguu kaitanua, akafyatua. Masikio yalinivuma. Risasi ilimvunja nguruwe taya, akawa analia kama mtu anayeita huku mdomo umejaa maji. Angeweza kummaliza hapohapo. Hakummaliza. Alitugeukia akicheka. "Mmeona?" Kisha akapiga mguu, akapiga tumbo. Shimo halikuwa refu. Damu, matope na uchafu wa matumbo viliruka vikatupata sote tuliokuwa karibu. Mama mkwe vilimpata usoni, vingine vikamwingia mdomoni.

Alitapika palepale, kajishika magoti. Mwanawe bado alikuwa anacheka, anafungua gurudumu ili atie risasi nyingine.

Jirani alichungulia shimoni.

"Sasa hii ni nyama ya nani?" akasema. Akaubeba mkuki wake akaenda zake.

Najisi ya nguruwe huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Na maji kwetu yalitoka mbali, tukiyabeba kichwani. Niliyamaliza yote ya mtungini kwa kumwosha mama mkwe uso, masikio na mvi zake, nikarudi kisimani, nikaja tena. Alikuwa ametulia kimya kama anayeoshwa kwa maziko. Nilipomaliza, alijifunga kanga kavu, akamwita mwanawe uani.

"Kesho unaipeleka polisi Mtwara. Ama hiyo ibaki hapa, ama mimi."

"Mama, na simba akija?"

"Simba anaua kwa njaa. Wewe ulikuwa unacheka."

Aliipeleka. Alirudi mikono mitupu, kanuna, na kwa siku kadhaa hakuzungumza na yeyote. Mimi ukimya wake haukunisumbua. Kilichonisumbua ni vile vidole vyake mkekani. Nilianza kumpakulia peke yake, nikisingizia kwamba mkubwa wa nyumba anastahili sahani yake. Lile shimo tulilifukia na nguruwe wake ndani, na harufu ilitufuata shambani mpaka mvua ziliponyesha.

Tuliishi pamoja miaka mingi baada ya hapo, tukazaa, tukalea. Uzeeni alipenda kuwasimulia wageni jinsi alivyomwokoa mama yake kutoka kwa nguruwe aliyetaka kumrarua. Wageni walicheka, wakampa pole na hongera. Mimi nilikuwa namwachia asimulie, ila kila alipofika kwenye taya niliinuka, nikaenda nyuma ya nyumba kutema mate.