Neno Nililomwandikia Safari

Siku yangu ya kwanza kazini kwenye machimbo ya Bisie, Chef de poste, mkubwa wa ofisi yetu, alinipa koleo la kubania na sanduku la etiketi. Etiketi ni ukanda mdogo wenye namba. Ulifungwa kwenye mdomo wa kila mfuko wa kasiterite, yale mawe mazito ya bati, ili mnunuzi ajue mfuko umetoka shimo gani.

“Funga, andika, usiulize,” aliniambia.

Nilifunga kwa miaka tisa. Mifuko mingine niliifunga nikijua kabisa kwamba haikutoka katika shimo nililoliandika. Nyuma ya fomu zilizoharibika nilikuwa natunga michezo ya kuigiza, kwa maneno ya wabeba mizigo waliopita mbele ya meza yangu. Chef akaziona.

“Wewe iko agent ao comédien, mutu wa michezo? Chagua.”

“Nimeshachagua, Chef.”

Nilimrudishia koleo lake. Mke wangu hakusema nami siku tatu.

Tukahamia kijiji cha Kibua, nikaunda kundi la maigizo la watu watano. Mimi nilikuwa mwandishi na pia souffleur, yule anayejificha nyuma ya pazia akimnong'oneza mchezaji maneno aliyoyasahau. Pazia letu lilikuwa turubai. Mchezaji wetu bora alikuwa Safari, fundi wa kushona, baba wa watoto watatu. Nilimpa nafasi ya kamanda anayetoza watu kwenye kizuizi cha barabarani, na mwishoni nikamwandikia aseme: “Mimi sina adui. Kama hamuniogopi, nitakula nini?”

“Papa, hii neno tuitoe,” Safari aliniomba. “Wale batu ya bunduki watasikia.”

“Hapana, kaka. Hiyo ndiyo moyo wa muchezo. Ukiitoa, muchezo umekufa.”

Akalisema, mchana wa siku ya soko, kwenye uwanja wa shule. Watu walicheka hadi machozi. Wenye bunduki walisimama nyuma kabisa, nao wakacheka.

Baada ya siku mbili walimchukua kwenye cherehani yake. Hawakujua kwamba mchezo una mwandishi. Walidhani mchezaji husema ya kwake. Ningeweza kwenda kuwaambia kwamba neno lile ni langu. Nilikaa ndani, mlango nimeufunga. Safari hakuonekana tena.

Kundi likavunjika. Niliandika michezo mingine, ya ndoa na ya ulevi, mpaka vita vikatusukuma hadi kambi ya wakimbizi ya Lushebere. Sasa nimezeeka, kalamu nimeiacha. Vijana huniuliza kama nilikosea kuacha kazi ya bati. Sikukosea. Siku nilizokuwa naandika ndizo pekee nilizojiona mtu. Lakini nawaambia, msidhani kazi mnayoipenda itamtoza gharama mwenye kuipenda peke yake.

Mwaka huu mjane wa Safari naye alifika kambini. Alinikuta nimeketi mlangoni.

“Papa, ile neno ya kamanda ilitoka kwa nani?”

“Kwangu, Mama. Yeye aliniomba tuitoe. Nikakatala.”

“Alikuombaka?”

“Aliniomba.”

Aliketi chini.

“Hii miaka yote nilikuwa namukasirikia yeye,” akasema. “Nilisema alitaka kujionyesha, akatusahau.”

Hakunisamehe, wala sikumwomba. Alisimama, akakung'uta kitenge chake, akaenda kuwaambia watoto.