Siti Tupu kwenye Barabara ya Masoko

Asubuhi ile kaka yangu alikuwa ameshapanda gari lililobeba vyombo vya kwaya. Akainama dirishani akaniambia, "Mfikishe shemeji yako kanisani Masoko kabla kwaya haijaitwa mbele. Ukimfikisha, pikipiki ni yako kila Jumamosi."

Niliitikia kwa kichwa. Mimi si mtu wa maneno. Lakini moyoni nilikuwa nimeshafika Jumamosi. Tangu nimalize darasa la saba nilikuwa naiosha ile pikipiki na kuitia mafuta, na kuiendesha nilikuwa naiendesha kwa kutumwa tu, dukani au mashineni, kisha narudi. Nilichotaka ni kuzunguka. Rungwe ina barabara nyingi za udongo zinazopinda milimani katikati ya migomba, na nilitaka kuona kila moja inaishia wapi.

Shemeji, mke wa kaka, alitoka ndani amefunga kitenge juu ya sare ya kwaya. Yeye ndiye anayeanzisha nyimbo, wenzake wanapokea. Asipokuwepo hawajui waanzie wapi. Akakaa upande, miguu yote kushoto, mkono mmoja begani kwangu.

"Shemeji, twende taratibu. Nikifika na matope watanicheka."

"Sawa."

"Na uwe unaongea basi, njia iwe fupi."

"Sawa," nikasema, na sikuongea tena.

Tuliondoka kwetu Kawetele ukungu ukiwa bado umelala juu ya mashamba ya chai. Usiku mvua ilikuwa imenyesha kidogo, ya kutuliza vumbi tu, na tairi zilishika vizuri. Kona ya kwanza niliikunja kwa woga. Ya pili nililala nayo kidogo. Baada ya hapo sikuzihesabu, nilizipokea tu jinsi zilivyokuja, mara mlima uko kulia, mara uko nyuma, mara paa la bati linameta chini kabisa kisha linapotea. Tulivyozidi kushuka ndivyo baridi ilivyopungua, na harufu ya kahawa iliyochanua ikatupata usoni.

Mteremko mrefu ulipoanza nikazima injini. Waendesha pikipiki wa kwetu hufanya hivyo kuokoa mafuta. Mimi naupenda mteremko wa kimya kwa sababu nasikia upepo na maji ya mfereji, na pikipiki inakwenda kama imebebwa na mtu.

Nilichosahau ni baba.

Kwetu Wanyakyusa, mwanamke hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Akimwona njiani anaingia shambani kumpisha, naye mzee anageuka mpaka mkwe apite. Mjini Tukuyu wengi wameacha, lakini nyumbani kwetu bado tunafuata, na hakuna taabu, kwa sababu pikipiki husikika tangu mbali na mzee anapata nafasi ya kujiweka sawa. Siku ile injini ilikuwa kimya.

Baba alikuwa ameshuka alfajiri kumwangalia ng'ombe wake aliyemwachia rafiki yake. Tulipokunja kona, huyo hapo, gambuti miguuni na mwavuli mkononi, katikati ya barabara. Nikapunguza mwendo karibu kusimama. Baba akageukia ukingo haraka, nikampita. Nilifurahi kwamba amewahi kugeuka. Sikujua kwamba shemeji naye alikuwa amewahi.

Mbele kulikuwa na kilima. Nikawasha injini, na pikipiki ikapanda kama haijabeba kitu. Nikajiona dereva kweli. Furaha ile ikanifungua mdomo. Nilimweleza shemeji kila kitu: kwamba Jumamosi ya kwanza nitakwenda mpaka Matwebe, kwamba nataka siku moja niwazungushe walimu wageni wanaokaa Tukuyu bila kujua milima hii ina nini nyuma, kwamba njiani huwa sioni haya kama nyumbani. Sijawahi kuongea maneno mengi hivyo kwa mpigo.

"Unaonaje, shemeji?"

Nikageuka. Siti ilikuwa tupu.

Nikaigeuza pikipiki, nikashuka nayo nikiwaza kaka, kwaya na Jumamosi zangu, zote zimeangukia shimoni. Lakini baba alikuwa palepale, anatazama udongo wa ukingo, mwavuli ameufungua nyuma ya mgongo wake kama pazia. Mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.

"Dereva," akasema bila kugeuka, "umedondosha abiria."

"Yuko wapi, baba?"

"Mimi nitajuaje? Sijaona mtu. Nimesikia tu migomba inapiga chafya. Mchukue upesi, mkono unachoka."

Shemeji akatoka kwenye migomba, kiatu mkononi, mguu mmoja matope mpaka gotini, kiganja mdomoni kuzuia kicheko. Akapanda. Hakucheka kwa sauti mpaka tulipoimaliza kona.

"Mbona hukurudi mapema?"

"Nilikuwa nakueleza jambo."

"Mimi? Nikiwa kwenye migomba?" Akacheka mpaka pikipiki ikayumba. "Haya, nieleze tena. Sasa nipo."

Mara ya pili ilikuwa ngumu. Lakini alikuwa ameshika shati langu kwa nguvu na kila nikinyamaza analivuta, kwa hiyo nilisema yote, nusu nusu, kona kwa kona, injini ikiwaka hata mteremkoni.

Masoko tuliwakuta wanakwaya wamepanga mstari mlangoni mwa kanisa. Kaka alikuwa amesimama barabarani, mikono kichwani.

"Mmeanguka?"

"Nilimpisha baba," shemeji akamjibu huku anakimbia. "Mpe pikipiki yake."

Wenzake wakamficha mguu kwa sketi zao, na kabla sijapata mahali pa kuegesha nikasikia sauti yake ikianza, peke yake, kisha nyingine zote zikaingia.

Jumamosi iliyofuata nilishika njia ya Matwebe asubuhi. Sikuzima injini mteremkoni, na kila kona niliipigia honi, kama kuna mzee ajiweke sawa. Nyuma yangu siti ilikuwa tupu, safari hii nikijua, na niliongea njia nzima.