Bunduki Iliyooshwa Mara Saba

Nisikilize vizuri, wewe uliyeachiwa bunduki ya zamani na baba au babu, ukaihifadhi ukiamini iko salama kwa sababu inang'aa. Kung'aa kwa nje hakusemi lolote. Nitakueleza polepole, maana hata mimi nilichelewa kuelewa, na wakati huo chakula chetu cha mwaka mzima kilikuwa bado kimesimama shambani.

Ilikuwa zama za Mwingereza. Vita vikubwa vimekwisha, na bunduki za jeshi zimebaki nyingi kuliko askari wa kuzibeba. Huku kwetu Mitole aliyekuwa na silaha alikuwa na gobori, lile la kushindilia baruti mdomoni. Mimi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, tuliomba kibali bomani kwa sababu ya nguruwe pori. Tulisubiri mpaka tukakata tamaa, ndipo tukaitwa. Tukaenda Lindi, kwenye duka la Mhindi mmoja aliyeuza mabaki ya jeshi: makoti, taa, vyandarua. Akatutolea bunduki mbili zilizofanana kama pacha, zimejaa grisi nzito, pamoja na risasi katika kopo la bati lililochubuka maandishi yote.

"Hizi za lini?" nikamwuliza.

"Za vita, bwana. Unataka na jina la mkunga?"

Shemeji akacheka mpaka akashika meza. Mwenye duka akafuta mikono, akaongeza kwa sauti ya chini kwamba wateja wengine walilalamika risasi hizo zinakula chuma, wengine hawakulalamika. Yeye mwenyewe hajui.

Neno hilo lilinikaa rohoni njia nzima ya kurudi. Zinakula chuma. Shemeji hakuona tabu yoyote.

"Chuma kinaliwa na nini? Na unyevu," akasema. "Dawa yake si tunayo?"

Dawa aliyoisema ni mafuta ya ufuta. Sisi watu wa pwani ya Lindi tunaishi na hewa inayokula jembe, bawaba na baiskeli, na tangu utoto tumefundishwa jambo moja: chuma kipakwe mafuta, kisiguswe na maji. Mimi nilikubaliana naye. Ungekuwepo, nawe ungekubali.

Mahindi yalipoanza kubeba, nguruwe wakaja. Asubuhi moja, jua limeshatoka, tuliwavizia ukingoni mwa shamba, tukapiga kila mtu yake, risasi za kopo lile lile. Wa shemeji alikimbia. Wangu alianguka. Nilimsogelea kwa hofu, na ili nijue kama amekufa nikamsukuma taya kwa mdomo wa bunduki. Damu ikaingia hadi ndani.

Baba yangu alikuwa barazani tuliporudi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hiyo damu ya nini?"

"Ya nguruwe."

"Basi simama hapo hapo ulipo."

Akanyanyuka, akavuta pipa la maji ya mvua yaliyokingwa kwenye paa, akachukua kata. Unajua hukumu ya dini yetu: kilichoguswa na nguruwe kikiwa na majimaji huoshwa mara saba, moja kwa udongo.

"Baba, hiki ni chuma," nikamsihi. "Nifute tu kwa kitambaa, nipake mafuta. Ukikimwagia maji kimekufa. Na mahindi je?"

"Mahindi ni ya Mungu, na ndani ya nyumba hii ninaswali. Fungua hiyo komeo."

Nikaivuta komeo, kile kipande cha nyuma kinachofunga risasi, nikaitoa, nikashika bunduki mdomo chini. Baba akamimina kata ya kwanza, iliyovurugwa na udongo, kutoka nyuma ya mtutu. Niliogopa, kwa sababu tope likiganda ndani, risasi inaweza kuupasua mtutu usoni mwako. Maji yakatoka meusi, yananuka baruti. Akamimina tena na tena, na komeo nayo akaiosha. Kata ya mwisho ilitoka safi kabisa. Nikapitisha kitambaa kilichofungwa kwenye kamba, mara nyingi kuliko ilivyohitajika, nikaiacha juani, kisha nikapaka ufuta.

Shemeji alikaa kando anaisugua ya kwake kwa mafuta, maji hayajaigusa.

"Shemeji, mmeiogesha janaba?" akauliza. "Ijumaa mtakwenda nayo msikitini?"

"Nyamaza wewe."

"Nasema tu. Mkiiozesha, mahari mniite."

Siku zilizofuata sikuwa na raha. Mvua haikukatika na kuta zilitoa jasho. Kila nilipopita karibu na bunduki yangu niligeuza uso, kama mtu anayeogopa kufunua kidonda. Nilijua ndani imeshaoza. Nilijipa moyo kwa ile ya shemeji tu, iliyokuwa inameta kama kijiko kipya.

Kisha asubuhi moja mke wangu akaja mbio kutoka shambani. Kundi zima limeingia, linalalia mabua. Shemeji akachukua bunduki yake, akavuta komeo. Haikuja. Akaipiga kwa kiganja, akaikanyaga kwa mguu, ikafunguka ikikwaruza. Tukaielekeza kwenye mwanga wa mlango. Ndani kulikuwa na rangi ya matofali, kutu kutoka mwanzo hadi mwisho. Risasi iliingia nusu ikakwama.

"Lakini nimeipaka kila siku," akasema. Hakuwa na utani tena. "Lete ya kwako."

"Ya kwangu imeoshwa."

"Ilete!"

Nikaifungua nikiwa nimefumba jicho moja, si kwa kulenga, kwa woga. Mtutu ulikuwa duara la mwanga, mistari yake ya kuzunguka inaonekana kama siku tuliyofuta grisi. Hakukuwa na wakati wa kushangaa. Tulikimbia, nikapiga, kundi likatawanyika. Mahindi yaliyobaki tuliyavuna sote pamoja, na ya shemeji yakiwemo.

Askari mmoja aliyerudi kutoka Keya, lile jeshi la Mwingereza, ndiye aliyenifafanulia baadaye. Katika risasi nyingi za zamani, ile fataki ndogo ya kitakoni ikiwaka huacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi hunywa unyevu wa hewa na kuzaa kutu. Mafuta hayaiyeyushi, yanaifunika tu, nayo inaendelea kula chini kwa chini. Maji ndiyo huiyeyusha na kuitoa. Baba hakuwa na habari ya fataki. Alitaka kuswali.

Kopo letu lilikuwa na risasi za aina hiyo. Lako huenda halina, na kwa kutazama hutajua. Kwa hiyo usibahatishe. Siku ile ile uliyopiga, hata kama ni risasi moja, hakikisha bunduki haina kitu ndani, toa komeo, chemsha maji matamu, maana ya moto hukauka upesi, ya mvua yakipatikana na si ya kisima cha chumvi, yamimine kutoka nyuma ya mtutu mpaka yatoke safi, uoshe na komeo, pitisha kitambaa mpaka kitoke kikavu, na baada ya hapo ndipo upake mafuta.