Maalimu Gundi na Kurasa Kumi na Sita

Mjomba wangu alifariki mwezi uliopita, Mwenyezi Mungu amrehemu, na tayari watu wawili wameniuliza, mmoja kwa upole na mwingine kwa kejeli, kama ni kweli aligeuza hukumu ya dini ili dada yake arudi kwa mumewe. Dada yake ni mama yangu. Mumewe ni baba yangu. Nadhani nina haki ya kujibu, hata kama elimu yangu iliishia kidato cha nne na machozi yangu hayajakauka vizuri.

Mjomba alikuwa fundi wa kujalidi vitabu. Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya duka la vyombo. Kilikuwa na meza moja, chuma cha kubania vitabu, sindano nene, na sufuria ya gundi iliyonuka mpaka wateja wa vyombo wakadhani ni masufuria mapya yananuka hivyo. Alikuwa na tabia moja iliyowaudhi watu: hakushona kitabu kabla ya kukisoma. Ukimletea Jumatatu, Ijumaa unakikuta vilevile, kimefunuliwa katikati, naye ameegemea kiwiko.

"Maalimu, nilikuletea ushone, sikukuletea usome!"

"Nitashonaje nisichokijua, ndugu yangu? We ungekubali daktari akushone bila kukuuliza panapouma?"

Kwa njia hiyo, na kwa miaka tisa aliyokaa mbele ya shekhe mmoja mzee, akawa mwanachuoni. Akapewa kiti cha darsa katika msikiti mkubwa, kila Jumamosi baada ya Alasiri. Mguu mmoja wa kile kiti ulikuwa mfupi, lakini mjomba alikipenda mno. Mama alimtania: "Kaka, kile kiti kingekuwa na wazazi ungeshapeleka posa." Alicheka, hakukana.

Ubishi ulimfuata tangu mwanzo. Alitaka wanawake waulize maswali kwa midomo yao, si kwa vikaratasi. Alisema imamu anayerefusha sala huku wazee magoti yanawatetemeka ajiulize anamwonyesha nani. Watu walinung'unika, na Jumamosi inayofuata wakawahi nafasi za mbele ili wanung'unike vizuri.

Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, mama alimwazima jirani ngazi ya baba. Baba alikuwa fundi rangi, na ile ngazi ndiyo iliyokuwa mkono wake wa kulia. Ikarudi vipande viwili. Baba alisimama uani, kipande huku na kipande huku, akamtamkia mama talaka tatu kwa pumzi moja. Kisha akakaa chini palepale, kama mtu aliyejipiga nyundo ya kidole.

Wakaenda kwa mjomba. Aliwasikiliza, akafumba macho, akasema zimepita zote tatu, hawawezi kurudiana.

"Kaka, ni mimi," mama akamwambia.

"Najua ni wewe. Ingekuwa mwingine ningelia akishaondoka."

Baba akahamia chumba kimoja karibu na gereji. Kila Ijumaa alikuja kuniona, akasimama nje ya geti, akaongea na mama kuhusu viatu vyangu vya shule kana kwamba ni mambo ya serikali.

Ilipita miezi kumi na minne. Imamu wa mji mwingine akaleta kitabu kilichovunjika mgongo. Kilikuwa kitabu kilekile cha sheria ambacho mjomba alisomea na kufundishia, hata chapa ni moja. Kama kawaida yake, akakisoma kwanza. Katika mlango wa talaka akakutana na kurasa kumi na sita ambazo hakuwahi kuzikuta hapo: hoja za wanachuoni wanaosema talaka tatu za pumzi moja huhesabiwa moja.

Akakimbilia nakala yake. Aliijalidi mwenyewe akiwa na miaka kumi na tisa, panya wakiwa wameshatafuna namba za kurasa. Zile kumi na sita alizishona kwenye mlango wa biashara, katikati ya kuuza ngamia na kupangisha maduka.

Alikuja kwetu anahema.

"Dada, nimekosea."

"Nini tena?"

"Nilijua wapo wanaosema ni moja. Nikadhani hawana hoja. Kumbe hoja zao nimezishona kwa ngamia!"

"Na miaka yote hukushangaa talaka inatafuta nini sokoni?"

"Nilidhani mwandishi anatoa mfano. Maneno yalikuwa yakirukaruka, nikasema hii ndiyo elimu kubwa."

Mama akacheka mpaka akashika ukuta, halafu akalia. "Miezi kumi na minne nalala peke yangu kwa ajili ya gundi yako!"

Hakuamua siku ile. Alisoma wiki tatu, akawaendea wanachuoni wawili. Mmoja alikubaliana naye, mwingine alikataa katakata. Mimi siwezi kuamua kati yao, wakubwa wa elimu wamehitilafiana tangu zamani. Ninachojua ni kwamba mjomba alifikia yakini yake, kwamba ni moja, akaenda kumwarifu mwenyekiti wa msikiti.

"Waozeshe nyumbani kimyakimya," mwenyekiti akamwambia. "Ukitangaza, watu watasema umempendelea dada yako, na hicho kiti itabidi tukichukue."

"Na wale wanawake sita wengine niliowatenganisha na waume zao kwa hukumu hiyohiyo?"

"Wao hawajauliza."

"Hawaulizi kwa sababu nilishawajibu."

Jumamosi ile msikiti ulijaa hadi kwenye viatu. Mjomba hakukaa, alisimama na nakala yake mkononi. Akasimulia yote, panya na ngamia, bila kujitetea. Akasema: "Dada yangu ni mmoja wa niliowatenganisha na waume zao. Nimemtaja mimi kabla hamjamtaja nyinyi."

Mtu akapaza sauti: "Kwa hiyo dini yetu ilikuwa inashikiliwa na gundi yako?"

"Dini haikutikisika, mzee wangu. Kilichoyumba ni kitabu changu, na mimi niliyekiamini kuliko nilivyopaswa."

Wengine walicheka, wengine walitoka kwa hasira. Kabla ya Magharibi kiti kilishahamishiwa chumba cha mwenyekiti, na mjomba akaitwa Maalimu Gundi. Hakurudishiwa kile kiti mpaka kufa kwake. Darsa aliendelea nayo kule nyuma ya duka la vyombo, miaka ishirini na mmoja, watu wamekaa juu ya marundo ya vitabu. Aliumia, sitaficha. Kwa muda mrefu kila Jumamosi baada ya Alasiri alikuwa hajui mikono aiweke wapi.

Wale sita aliwafuata mlango kwa mlango. Wawili walirudiana na waume zao. Mama mmoja alimkaribisha vizuri, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Maalimu, Mungu akulipe, lakini habari hizo usimfikishie yule bwana. Mimi nimepumzika."

Eda ya mama ilikwisha zamani, kwa hiyo ikabidi ndoa mpya. Nilihudhuria harusi ya wazazi wangu nikiwa na miaka kumi na miwili, na sikuacha kuwatambia wenzangu darasani. Babu alikuwa hayupo tena duniani, hivyo walii wa kumwozesha mama alikuwa mjomba. Yeye na baba wakakaa goti kwa goti, ameushika mkono wa baba, kucha zina rangi ya kijani.

"Shemeji," baba akanong'ona kabla hajaitikia, "na kesho ukikuta kurasa nyingine?"

"Nitakuja kusema."

"Mbele ya watu tena?"

"Mbele ya watu. Haya, itikia, dada yangu asije akabadili mawazo."

Baba akaitikia kwa sauti kubwa mpaka kule jikoni wakasikia.